Chukua Kitu, Acha Kitu: Rekodi za Vilivyofichwa Kilwa na Lindi

Mpwa wangu amekulia Usa River, chini ya Mlima Meru, na anaamini kabisa kwamba mahali pasipo na volkano hapajakamilika. Alipokuja likizo Kilwa Masoko alishuka kwenye basi, akajinyoosha, akazungusha macho kutoka bandarini mpaka minazini, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayekuja kuhani msiba: "Sasa mjomba, hapa mtu anaangalia nini?"

Nilimwelewa. Binti ana ugonjwa wa kusaka makopo. Mchezo wenyewe wanauita jiokeshingi, jina linalonikwama kooni, kwa hiyo nitauita msako tu. Mtu anaficha kopo lisiloingia maji, porini au mjini au juu ya mlima, anapopenda. Anapima latitudo na longitudo ya mahali pale na kuzitangaza, halafu wengine wanakuja na simu zao kulitafuta. Ndani ya kopo mna kijitabu, kalamu na vikorokoro. Sheria ni fupi: ukichukua kitu, acha kitu chenye thamani ile ile au zaidi, andika jina lako na tarehe, rudisha kopo ulipolikuta. Ni kombolela ya watu wazima, ila aliyejificha hakimbilii kukomboa. Mpwa wangu yeye huacha vijiwe vyeusi vya lava alivyookota kwao. Mkoba wake ulikuwa na uzito wa mkoba wa fundi uashi.

Msako huu una tarehe ya kuzaliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na kifaa kilichokuwa kikikosea kwa mita 100 kikaanza kukosea kwa mita 10 hivi. Kesho yake, tarehe 3, Dave Ulmer akafukia ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, nchi ya Mlima Hood na volkano wenzake. Ndani aliweka daftari, penseli, vitu vya kubadilishana na kopo moja la maharage. Mike Teague akaipata ndoo hiyo katika siku chache. Leo makopo yaliyofichwa duniani yanapita milioni 3.

Na rekodi zao wanazijua kama mashabiki wanavyojua magoli ya Simba na Yanga. Kopo la chini kabisa liliwekwa mwaka 2002 na Richard Garriott kwenye kina cha mita 2,300 katika Bahari ya Atlantiki, pembeni ya matundu yanayotoa maji ya moto kutoka tumboni mwa dunia. La juu kabisa ni la huyo huyo Garriott, aliyeliacha mwaka 2008 kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. "Unaona mjomba," akasema mpwa wangu, "hata chini ya bahari wanafuata moto. Kwenu huku mna rekodi gani?"

Basi tukawekeana dau. Siku zote za likizo yake ningemwonyesha rekodi za pwani ya Kilwa na Lindi za kuficha na kufichua, na tungezihukumu kwa sheria za mchezo wake mwenyewe. Nani alificha? Nani alipata? Alichukua nini, akaacha nini, na jina lake liliandikwa?

Volkano iliyo mbali kuliko zote

Nilianza kwa kushindwa, maana ukishindwa mapema unapumua. Kutoka Kilwa huoni volkano yoyote, hata ukipanda mnazi. Hesabu yake inafanyika kwenye mchanga kwa kijiti: tafuta kipeo cha pili cha urefu wa mlima kwa mita, zidisha kwa tatu na nusu, unapata umbali kwa kilomita ambao kilele chake kinaweza kuonekana na mtu aliye usawa wa bahari. Kilimanjaro yenye mita 5,895 inakupa kama kilomita 270. Kutoka Kilwa hadi Kibo ni karibu 700. Upande wa baharini kuna Karthala, volkano hai ya Ngazija, visiwani Komoro, yenye mita 2,361. Hiyo inaonekana kwa kilomita 170 hivi, na toka Lindi mjini iko zaidi ya kilomita 400. Mambo yamekwisha.

Mpwa akafurahi, akaongezea chumvi. Kwao kuna Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti yenye soda. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 na kitu, nusu ya lava za kawaida. Inatiririka nyeusi kama oili chafu, halafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe katika muda mfupi. Sikubishana. Mlima wa Mungu ni Mlima wa Mungu.

Lakini nilikuwa na karata moja. Mei 2018 visiwa vya Mayotte vilianza kutikisika mfululizo. Tarehe 11 Novemba mwaka huo mitambo ya kupima matetemeko dunia nzima ilinasa mngurumo mzito wa ajabu uliodumu dakika ishirini na zaidi, na hakuna binadamu aliyeusikia kwa masikio. Wataalamu wakaanza kutafuta kama wasaka kopo: ardhi ya Mayotte inasogea upande huu, inadidimia upande huu, basi kitu kiko kule. Mei 2019 meli ya utafiti ikakipata. Kilomita 50 hivi mashariki ya Mayotte, kwenye sakafu ya bahari yenye kina cha mita 3,500, palikuwa na mlima mpya wa mita 800 na ushei ambao mwaka mmoja kabla haukuwapo. Waliupa jina Fani Maoré. Ni mtiririko mkubwa kuliko yote ya lava chini ya bahari iliyowahi kushuhudiwa na vyombo.

Toka Lindi ni kama kilomita 700, na uko gizani. Kwa hiyo kama ni mandhari ya volkano, bahari yetu inayo, ila maji yamekaa juu yake. Mpwa alisema hiyo haihesabiki. Nikasema hata Garriott kopo lake halionekani.

Safari ndefu kuliko zote

Tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani asubuhi maji yakiwa yamejaa. Ukichelewa maji yakapwa, utashukia kwenye matope na viatu mkononi. Nahodha, kijana wa kule kule, aliposikia tunazungumzia kuficha vitu alicheka akasema kisiwa hiki kila mvua kubwa ikinyesha kinatema pesa. Hakuwa anatania sana. Watu wa Kisiwani wamekuwa wakiokota sarafu za kale tangu zamani, vijisahani vya shaba vyembamba, vingine vidogo kuliko kifungo cha shati.

Hivyo ndivyo vinavyoshika rekodi ya kwanza ya kweli ya pwani hii. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe kwa karne kadhaa, na walizipiga kwa ufundi wa kishairi. Upande mmoja wa sarafu kuna maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande wa pili jina la mtawala, na ukisoma pande zote mbili mfululizo vina vinagongana. Mtu alikuwa akienda kununua samaki na beti ya shairi kiganjani. Kwa kawaida hawakuandika mwaka, wala jina la mji, na hilo limewapa wanahistoria kazi mpaka leo.

Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, kule ilikotoka dhahabu. Hiyo inaeleweka, ni njia ya biashara. Katika magofu ya Songo Mnara, kusini kidogo mwa Kilwa, wanaakiolojia walifukua rundo la sarafu za namna hii zaidi ya 300 kwa pamoja. Nazo zinaeleweka, kila mtu ana pa kuweka akiba. Kuna hata za dhahabu, tatu zilizochapishwa na mtaalamu mwaka 1991.

Isiyoeleweka ni ya Australia. Mwaka 1944, katikati ya vita kuu, askari wa rada wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa amewekwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi hiyo, mahali ambapo kazi kubwa ni kusubiri. Siku moja ufukweni aliokota sarafu tisa. Akaziweka kwenye kopo. Akachora alama ya X kwenye ramani kuonyesha alipozikuta. Nilipofika hapa mpwa wangu alisimama ghafla chini ya mbuyu: "Mjomba, huyo alikuwa anacheza msako miaka zaidi ya hamsini kabla haujaanza!"

Kopo lilikaa mpaka mwaka 1979, Isenberg alipozipeleka zikatambuliwe. Nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi ya Uhindi wa Mashariki. Tano zilikuwa za Kilwa. Toka ufukwe ule hadi hapa tuliposimama ni zaidi ya kilomita 10,000 za maji. Mwaka 2013 mtaalamu wa anthropolojia Ian McIntosh aliongoza msafara kurudi kwenye ile X. Mwaka 2018 kitu kingine kinachofanana na sarafu ya Kilwa kikaokotwa kwenye kisiwa cha Elcho, jirani ya pale. Nani alizifikisha? Wengine wanataja meli iliyozama, wengine Wareno, wengine mabaharia wa Indonesia waliokuwa wakienda kule kuvua majongoo bahari. Mimi nina dhana yangu: baharia alikuwa nazo kama hirizi. Shaba chakavu ya nchi ya mbali isiyonunua hata ndizi moja, ukiendelea kuitunza mfukoni, imekwisha kuwa kitu kingine.

Kwa sheria za msako, hii ni rekodi yenye dosari: aliyeacha hakuandika jina, na hatujui alichukua nini. Lakini kwa urefu wa safari sijui mshindani wake.

Mkono mwepesi kuliko yote

Ukitaka kujua jinsi Kilwa ilivyokuwa na mkono wa kuacha kitu, rudi mwanzo wa habari zake. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema Ali bin Hasan na jamaa zake walitoka Shirazi kwa majahazi saba, kila moja likatia nanga mji wake. Moja lilifika mpaka Nzwani, kwenye visiwa vya Komoro, kwa hiyo undugu wetu na watu wa volkano umeandikwa. Ali akakitaka kisiwa cha Kilwa. Mwenyeji wake akamwambia atakiuza kwa nguo ya kutosha kukizungushia kisiwa chote. Na nguo ikazungushwa. Iwe kweli au hekaya, sijui biashara nyingine ya ardhi ambayo bei yake ilipimwa kwa kuutembea mpaka.

Karne kadhaa baadaye, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alifika akamkuta al-Hasan bin Sulaiman yule yule wa kwenye sarafu, aliyeitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa. Anasimulia kwamba fakiri kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani alipoona watu wanasifu tendo lile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msomaji wa leo anakwama kwenye neno "watumwa", na ni haki akwame. Ukarimu ule ulikuwa na watu ndani yake.

Huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, juu ya jabali linalotazama bahari, mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa jengo la mawe kubwa kuliko yote yaliyojengwa pwani hii kabla ya Wareno, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Ndiye pia aliyeupanua Msikiti Mkuu, ambao kuba lake kubwa lilikuwa halina mwenzake kwa ukubwa Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Ajabu ni kwamba Husuni Kubwa haikuwahi kumalizika. Mpwa wangu alikaa ukingoni mwa lile birika, miguu ikining'inia ndani mahali palipokuwa na maji, na kwa mara ya kwanza toka afike hakutaja mlima.

Kisha akatoa kopo mkobani. Aliona tundu zuri kwenye ukuta wa matumbawe, linaloenea kopo kama limepimwa. Kiongozi wetu, mzee mwenye kofia ya kiua na fimbo ya mpingo, hakupandisha sauti. "Hapana, mwanangu. Ukuta huu una miaka karibu 700. Ukichomeka chako leo, kesho mwingine atachokonoa kutafuta chake." Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na toka 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Wasaka makopo wenyewe, kwenye mahali kama hapa, hawaruhusiwi kuacha chochote; unakwenda, unatazama, unajibu maswali, unaondoka. Mpwa akarudisha kopo. "Shikamoo, babu," akasema, ingawa walikwisha amkiana asubuhi. Ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Songo Mnara, kwenye makaburi ya kale yaliyo katikati ya mji uliohamwa, wachimbaji wamekuta vijiwe vyeupe na sarafu vilivyoachwa na waliozuru. Hapo watu walifika, wakaacha kitu, hawakuchukua. Nilimwonyesha mpwa. Alishika mkoba wake wa vijiwe vyeusi, akanyamaza.

Zito kuliko yote

Sasa twende Lindi, kwenye rekodi ambayo hata wasiopenda msako wanatakiwa waijue kwa moyo.

Kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini kuna kilima kiitwacho Tendaguru, jina ambalo kwa Wamwera lina maana ya kilima chenye mteremko mkali. Ukifika huoni cha kukushtua. Miti ya miombo, nyasi za kiunoni, wadudu wanaokwenda moja kwa moja kwenye jicho, na njia ya gari ambayo mvua za masika huifuta. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuwa akipita na shughuli za kutafuta vito, akaona mfupa mkubwa umechomoza ardhini. Wenyeji walikuwa wakiishi na mifupa hiyo siku zote.

Kilichofuata ni uchimbaji mkubwa kuliko wote wa mifupa ya dinosaria uliowahi kufanyika Afrika. Toka 1909 hadi 1913 watu mpaka 500 kwa msimu walichimba Tendaguru, wakiongozwa na Werner Janensch na wenzake kutoka Berlin, na msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilivikwa udongo na plasta, ikafungwa kwenye mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani safari ya siku nne mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo. Kila nikiwaza tani 200 shingoni mwa watu, kwenye njia ile, nasahau kabisa habari ya dinosaria.

Angalia sasa muda wa kufichwa: miaka kama milioni 150. Hakuna kopo litakalovunja hiyo. Na kilichotoka humo ni mifupa ya mnyama aliyesimamishwa mwaka 1937 katika Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Berlin, akafunguliwa na kusimamishwa upya mwaka 2007. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Ndiyo mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani, na kitabu cha rekodi cha Guinness kinaitambua. Jina lake la sasa ni Giraffatitan brancai. Sehemu ya kwanza ni twiga, na hiyo inatufaa, twiga ni wetu. Sehemu ya pili ni ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho hiyo enzi hizo.

Hapo ndipo sheria ya msako ya kuandika jina inapouma. Mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina la von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani. Kitabu cha waliopata kikaandikwa majina ya watu ambao hawakubeba hata mfupa mmoja mpaka Lindi. Ilibidi kusubiri mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja kati ya wale akaitwa Australodocus bohetii, kwa jina la Boheti, na mwaka 2019 mwingine, mwenye shingo na mkia mrefu, akaitwa Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, na Mohammadi Keranje, kiongozi wa wachimbaji wenyeji. Miaka 94 toka msimu wa mwisho wa Wajerumani mpaka jina la kwanza. Hiyo nayo naihesabu kama rekodi, ya kuchelewa kusaini.

Na kilichoachwa je? Mashimo. Mjadala wa kuirudisha mifupa umefika mpaka bungeni Dodoma, na kila mara unarudi kwenye swali lile lile la nyumba ya kuiweka na fedha za kuitunza. Sina haraka ya kuchukua upande. Ila ukisoma sheria ya mpwa wangu kama ilivyo, kitu cha thamani ile ile au zaidi, unaona hesabu haijafungwa.

Pale kilimani mpwa aliinama akaokota kipande cha kijivu, chenye vitundu kama sponji. Kijana aliyetuongoza toka kijijini akamtazama mkono tu. Mifupa ile inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hata bila sheria, macho yake yalitosha. Kipande kikarudi chini. Nilimwona mpwa akikigeuza kwa kidole kilale kama kilivyokuwa.

Nyingine za haraka

Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini miaka 30, na ndiyo kwanza mwaka 2004 ikaanza kuwasha taa Dar es Salaam. Kwa nchi yenye giza, huo ni uvumilivu wa kiwango cha juu.

Silikanti, samaki ambaye wanasayansi walimdhania ametoweka pamoja na dinosaria mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alitokea kwenye nyavu za maji ya Kilwa mwaka 2003, wa kwanza kurekodiwa Tanzania. Wavuvi huwa wanamwona hana maana: ana mafuta mengi, halafu nyama yake inamkimbiza mtu chooni.

Kilwa Kivinje nayo inashika rekodi, ila hii hatuipigii makofi. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za bara katika kusafirisha watumwa kwenda Unguja. Watu walitembezwa toka Ziwa Nyasa mpaka pale. Hilo halina kopo, na majina yao hakuna kitabu kilichoyaandika.

Na iliyosainiwa vizuri kuliko zote iko Lisbon. Vasco da Gama alipita Kilwa mwaka 1502 akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu. Mfalme Manuel akaamuru dhahabu ile ifuliwe chombo cha kanisani, na mfua dhahabu Gil Vicente akakimaliza mwaka 1506. Kina urefu wa sentimita 73, kimejaa malaika, mitume na vinara vidogo kama vya keki ya harusi, na kwenye kitako chake yameandikwa mambo yote ambayo msako unayataka: nani aliagiza, mwaka gani, na dhahabu ilitoka wapi. Kilwa imetajwa kwa jina. Walichokuja kuacha, mwaka 1505, ni ngome. Walikaa nayo mpaka 1512, wakaondoka zao.

Kopo letu

Mwishowe tulificha la kwetu, kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, upande wa Masoko, nje ya magofu yote, kwenye shina la mbuyu mahali wavuvi hupumzika wakishona nyavu. Ndani tuliweka daftari la kurasa 48, kalamu ya wino wa bluu na kijiwe kimoja cheusi cha lava ya Meru. Mpwa alipima namba mara tatu. Alisema kijiwe ni ili atakayelipata awe ameona volkano, hata kama ya kushikika.

Jioni ya kuamkia siku ya kuondoka, maana basi lilikuwa la alfajiri, tulikwenda kuliangalia. Mpira ulikuwa umefungwa fundo jingine, la kivuvi, gumu, lililonichukua dakika kadhaa na meno. Ndani, ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa zilizopanda kushoto na kushuka kulia, mtu alikuwa ameandika: NIMECHUKUA KALAMU. NIMEACHA NDOANA. JUMANNE.

Kweli ndoana ilikuwapo, mpya, namba ndogo, imechomekwa kwenye jalada ili isimchome mtu. Mpwa aliigeuza kwenye mwanga. "Mjomba, ndoana bei gani?"

"Inapita ya kalamu."

"Lakini hakuandika jina."

"Na mwaka."

Alicheka, akachungulia tena ndani ya kopo, akaingiza mkono mpaka chini kabisa. Jiwe la volkano lilikuwa pale pale. Halikuguswa.